Uliza Bei ya Bima, Upunguziwe Mafuta

Ninyi vijana mnaoshika pampu siku hizi mnanichekesha. Nikija Kilosa mjini hukaa pale karibu na soko, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake, nawaangalia mnavyotia petroli huku mnaongea na binti aliye ng'ambo ya barabara. Tangi likitapika mnasema pampu ni mbovu. Pampu haina macho. Macho unayo wewe, na umeyapeleka ng'ambo.

Kazi hiyo nimeifanya tangu bendera mpya bado inanukia dukani mpaka ilipofika miaka ya pampu kukauka, tukawa tunakaa kulinda harufu. Shule niliishia darasa la pili. Mkiona nimeandika vibaya, nyamazeni. Ninyi mmefika la saba na bado hamjui kupima mafuta kwa kijiti.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Mikumi, kando ya barabara ya Iringa. Pampu yenyewe ilikuwa ya mkono, ina chupa mbili kubwa za kioo kichwani. Unasukuma wenzo, chupa moja inajaa, mteja anaona galoni yake kwa macho, kisha inashuka kwenye tangi huku ya pili inajaa. Huwezi kuiba, labda mteja awe kipofu. Aliyenifundisha ni Mzee Digongwa, Mvidunda mmoja mkavu kama ukuni, aliyewahi kuendesha malori ya jeshi huko Bama wakati wa vita kuu ya pili. Alinifundisha kumimina petroli kidogo kiganjani na kupuliza. Ikiruka yote, ukabaki na mkono mkavu na baridi, ni petroli safi. Ikikuachia utelezi, mtu amechanganya mafuta ya taa. Alinifundisha kuchuja kwa ngozi laini wakati wa masika, maana pipa likilala nje hunywa maji. Alinifundisha kujaza magari asubuhi, kabla jua halijayavimbisha mafuta.

Hakunifundisha kusoma, kwa sababu naye alikuwa hasomi.

Wiki yangu ya pili nilimtilia padri mmoja dizeli kwenye gari la petroli. Gari lilikohoa mara tatu likafa hata halijafika darajani. Padri akarudi kwa miguu, kanzu imejaa vumbi. Nikapiga magoti. Akaniambia, "Mwanangu, Mungu amekwisha kukusamehe. Mimi bado." Mzee Digongwa alinifanya nilale chini ya lile gari nikimwaga dizeli yote, nusu ikiniingia masikioni, na tangu siku hiyo hata nikiwa usingizini nikinusa naweza kukwambia hii ni nini. Hilo ndilo kosa langu dogo. Sasa nitawaambia kubwa.

Mwenye kituo alikuwa Gervas Mahimbo. Namtaja, na akifufuka namtaja tena. Alikuwa karani wa mashamba ya mkonge kule Kimamba, wazungu walipoanza kuuza mali zao yeye akanunua meza, kiti, na tabia. Alikuwa na kalamu nne mfukoni na hakuna iliyokuwa na wino. Sisi tukimwita "Bwana Mahimbo" anaitikia puani.

Siku moja Mahimbo akaleta mgeni, Erasto Mlingi, wakala wa bima kutoka Dar es Salaam. Suti ya kijivu, viatu vya rangi mbili, maneno laini kama mlenda. Enzi hizo bima ilikuwa bado mikononi mwa makampuni ya watu, kila moja na wakala wake, na kila wakala na viatu vyake. Erasto akapigilia ubao mbele ya kituo: ULIZA BEI YA BIMA, UPUNGUZIWE MAFUTA.

Utaratibu ulikuwa huu. Mwenye gari anakuja. Anajaziwa fomu ya Kiingereza: jina, namba ya gari, limepata ajali ngapi. Fomu inapelekwa Dar es Salaam ili apigiwe hesabu ya bima. Hapohapo anapewa kuponi ya mviringo, inapigwa mhuri wa zambarau, na kila akija na kuponi ile anapunguziwa senti kadhaa kwa galoni kwa miezi mitatu. Hajalipa bima. Hajaahidi kulipa. Ameuliza tu.

"Kazi ya mhuri ataifanya Digongwa," akasema Mahimbo.

Mzee Digongwa akaficha mikono nyuma. "Mimi nimeona karatasi nyingi jeshini. Ile inayokupa kitu bure inataka kusomwa mara mbili. Mimi hata mara moja siwezi. Kwa hiyo siishiki."

"Salumu je?"

Salumu ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na sijawahi kushika mhuri maishani. Mhuri, vijana! Hata mwenyekiti wa chama hakuwa nao. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza kuuliza.

Msidhani watu walikuja kidogo. Walikuja kama mchwa baada ya mvua. Wenye malori, wenye matrekta, fundi wa Kilangali mwenye mashine ya kusaga isiyo na gurudumu hata moja. Wenye baiskeli walikuja wakitaka bei ya bima ya baiskeli wapunguziwe mafuta ya taa. Erasto hakumkataa mtu. Anauliza, "Jina?" na anaandika "lori". Baadaye nikajua kampuni yake ilikuwa inamlipa kwa kila jina lililouliza, si kwa kila jina lililokata bima. Kule Dar es Salaam lazima walidhani Mikumi ina malori mengi kuliko nyani.

Akaja mfugaji mmoja, Lemburisi, na debe lake.

"Hapa ndipo mnapopunguza mafuta?"

"Kwa anayeuliza bei ya bima, mzee," akasema Erasto.

"Bima ndiyo nini?"

"Gari lako likipata ajali, kampuni inalipa."

"Mimi nina ng'ombe. Akiliwa na simba, kampuni inakuja?"

"Ng'ombe bado hatujaanza."

"Haya. Gari ni bei gani?"

"Tutakuletea jibu kutoka Dar es Salaam. Jina?"

Lemburisi akataja jina. Nikapiga mhuri. Akaigeuza ile kuponi, akanusa wino. "Sasa nina bima?"

Erasto akacheka. "Bado, mzee. Umeuliza tu."

"Nilijua. Mnadani nikiuliza bei ya dume siondoki na dume." Akasukuma debe kwa mguu. "Nitilie mafuta."

Sisi tukamcheka mpaka machozi, tukasema mtu wa porini huyo. Kumbe katika wilaya nzima ni yeye peke yake aliyeelewa.

Maana kilichofuata ni hiki. Ile kuponi ilikuwa ya mviringo, ukubwa uleule wa kile kikaratasi cha bima ambacho sheria ilitaka kibandikwe kwenye kioo cha mbele. Na watu wetu mnawajua: karatasi ikiwa na mhuri haiulizwi inasema nini. Mhuri ndio unaosema. Mtu wa kwanza kubandika kuponi kwenye kioo, bahati mbaya, nilimbandikia mimi.

Alikuwa Mzee Abdala Mkwidu wa Zombo. Alikuwa na Bedford kuukuu, ameiandika ubavuni SINA NENO. Alinunua lori lile kwa pamba ya miaka saba, yeye na ndugu zake wawili, nao wakafa mapema wakamwachia watoto. Watoto wote wale walikula kwenye lori lile. Alikuwa anapakia mpunga na vitunguu kutoka Zombo na Ulaya, kijiji cha huku kwetu, si kule kwa wazungu, kupeleka stesheni ya reli Kilosa, na juu ya magunia wanakaa abiria. Mtu mpole, hakuna siku alipita kituoni bila kuniachia embe au muwa.

Kuponi yake ilikuwa imepeperushwa na upepo mara mbili. Nikachota ugali wangu wa mchana, nikaukanda na maji, nikambandikia kioo cha mbele, pembeni ya kile kikaratasi cha kweli ambacho muda wake ulikuwa unakaribia kuisha. Ikapendeza. Kesho yake kila dereva anataka kubandikiwa. Tulimaliza ugali. Hata askari mmoja wa barabarani, akisimamisha gari, anaangalia zambarau, anapunga mkono pita. Madereva wakawa wanatamba: "Mimi niko ndani, bwana!"

Mimi sikuwa mjinga kabisa. Nilimfuata Erasto, nikamuuliza, "Bwana Erasto, hawa watu wanafikiri wamekata bima. Tuwaambieje?"

Alikuwa anapangusa viatu. "Waambie wameshaingia."

"Kweli wameingia?"

"Wako mlangoni, Salumu. Aliye mlangoni si ameshafika? Ukianza kuwaeleza habari ndefu hawataandika majina. Unataka Bwana Mahimbo akunyang'anye mhuri?"

Sikutaka. Vijana, hapo ndipo penyewe. Sikutaka kunyang'anywa mhuri.

Basi wiki mbili baadaye Mzee Mkwidu akaja, akashuka, akaniita pembeni. Kile kikaratasi chake cha kweli kilikuwa kimebakiza siku chache. Alikuwa na fedha kwenye kitambaa.

"Salumu mwanangu, nilitaka kesho niende Morogoro nikakate bima. Lakini tairi za nyuma nazo zimekwisha. Hii uliyonibandikia inatosha, au niende?"

Nilimwangalia, nikaangalia kituo. Erasto alikuwa kivulini na Mahimbo wanakunywa chai.

"Inatosha, mzee. Umeshaingia."

"Una hakika?"

"Si unaona mhuri?"

Akanishukuru. Akanunua tairi.

Tairi zilikuwa nzuri, sina la kuzilaumu. Masika ile nilipata ruhusa ya siku tatu kwenda kumwona mama Kilosa, nikapanda SINA NENO, juu ya magunia, pamoja na mama mmoja muuza vitunguu na kuku wake. Tulipita Ulaya salama. Mbele ya Zombo kulikuwa na kalavati, na udongo wa pembeni ulikuwa umeliwa na maji kwa chini, juu panaonekana pazima. Mzee Mkwidu akaingia polepole kama anavyotakiwa. Ardhi ikakaa kitako. Lori likalala ubavu, taratibu, kama ng'ombe aliyechoka. Lingeanguka haraka labda ningeruka. Kwa vile lilianguka taratibu nilibaki nimeshika kamba nikisema, "Haianguki, haianguki," mpaka magunia ya mpunga yakanikalia mguu. Mama wa vitunguu akavunjika mkono. Kuku walikufa wote isipokuwa jogoo, akasimama juu ya gurudumu akawika saa nane mchana.

Mzee Mkwidu alitoka bila mkwaruzo. Akanichimbua kwa mikono yake. Huku analia ananifariji: "Vumilia, mwanangu. Bima ipo. Utatibiwa, na lori litainuliwa. Bima ipo."

Nilitaka kuzimia ili nisiyasikie maneno hayo. Sikuzimia.

Niko hospitali ya Kilosa, plasta imefika nyongani, akaja Mahimbo na machungwa sita. Akaketi mbali, anaogopa harufu.

"Mkwidu ameshtakiwa," akasema. "Kuendesha gari bila bima, na kujeruhi watu. Anasema atakuita wewe useme kituo kilimwambia ana bima."

"Ni kweli nilimwambia."

"Ulimwambia wewe. Kituo hakina mdomo. Ukienda kule, Salumu, usirudi Mikumi." Akainuka. Machungwa mawili akarudi nayo, nadhani kwa mazoea.

Nilikwenda. Hilo mnipe, nilikwenda, kwa magongo. Mzee Mkwidu alikuwa kizimbani amevaa kanzu yake ya Idi. Kila mtu pale alijua kilichokuwa hatarini: akionekana alidanganywa, hakimu atampunguzia na kampuni huenda ikabanwa, akionekana alijua, lori linakwenda, na watoto wale wa marehemu ndugu zake wanarudi kushika jembe. Na shahidi wake alikuwa mmoja tu.

Nikasema yote. Ubao, fomu, mhuri, ugali, "waambie wameshaingia". Nikanyoosha gongo nikamwonyesha Erasto: "Ni huyu aliyenituma."

Erasto, aliyeitwa kuisemea kampuni yake, akasimama, viatu vinang'aa. "Mheshimiwa, ubao unasema 'uliza'. Mimi niliwaambia watu waulize. Huyu mpiga pampu akiongeza maneno yake, mimi nitajuaje?" Kisha akanigeukia, sauti laini. "Salumu, kuponi hii ndiyo uliyokuwa unapiga mhuri?"

"Ndiyo."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Basi isomee mahakama. Inasemaje?"

Nikaishika. Nilijua mahali pa mhuri na mahali pa jina. Nilijua harufu yake na jinsi inavyokunjika. Kusoma, sikujua hata neno moja. Kimombo kitupu. Nikasimama nimeitazama kama ninatafuta kiroboto.

Kicheko kilianza nyuma. Aliyekianzisha ni Gervas Mahimbo, nilimwona kwa macho yangu. Kikasambaa ukumbi mzima, hata karani akaziba mdomo kwa faili.

Hakimu peke yake hakucheka. Akanyoosha mkono, akaichukua, akaisogeza dirishani. Chini kabisa kulikuwa na mstari wa herufi ndogo kama mayai ya chawa, na wino wangu wa zambarau ulikuwa umeufunika nusu. Akautafsiri polepole: "Karatasi hii si bima. Mwenye kuishika hana bima yoyote mpaka atakapoilipia."

Mzee Mkwidu hakumtazama hakimu, wala Erasto. Alinitazama mimi.

Akatozwa faini, na akaamriwa awalipe majeruhi. Akauza SINA NENO ikiwa bado ina matope ya kalavati. Aliyeinunua, mtanisadiki mkitaka, ni Mahimbo. Na katika majeruhi wa kulipwa, mmoja ni mama wa vitunguu na wa pili ni mimi. Mtauliza kama nilipokea. Nilipokea. Kazi sina, mguu unauma, nilipokea kwa mikono miwili, nikasema ahsante kwa karani.

Baada ya hapo nikashika pampu za watu wengine, Kilosa, Kimamba, popote palipokuwa na wenzo wa kusukuma. Mzee Digongwa tulikutana mara moja tu. Hakunisuta. Aliangalia mguu, akaangalia viganja vyangu, akauliza kama bado napuliza. Nikamwambia bado. Akasema, "Hilo angalau ulilishika."

Likaja Azimio la Arusha, bima zikachukuliwa na serikali, makampuni yale yakaenda zao, na tukawa ndugu sote. Siku moja ikaja Landrova kijijini Zombo, nilikokuwa nimehamia kwa wakwe zangu kulima. Akashuka mhamasishaji, kaunda suti ya kijivu. Akatuhutubia saa mbili juu ya unyonyaji. Alisema mnyonyaji ni kupe. Alimweleza kupe vizuri sana, anavyojishika na anavyovimba, mpaka nikasema moyoni, huyu anamjua. Alikuwa Erasto Mlingi. Viatu tu ndivyo vilivyokuwa vimebadilika; alivaa makubadhi ya tairi kama sisi. Mwishoni tukapiga makofi. Nami nilipiga, nisiwe mwongo.

Mzee Mkwidu naye alikuwa kijiji hichohicho, nyumba ya nne kutoka kwangu. Kila asubuhi ninapita na jembe, nasimama, nasema, "Shikamoo, mzee." Hajibu. Anaendelea kusuka mkeka wake. Mnajua kwetu maana yake nini mzee kukunyima marahaba. Mke wangu aliniambia nibadili njia. Nikamwambia njia ni hii moja. Miaka, vijana. Si miezi.

Wakati huo nilikuwa nimejiunga na kisomo cha watu wazima, jioni jioni chini ya paa la ghala. Sikuchelewa hata siku moja. Mwalimu alidhani napenda elimu. Mimi nilikuwa na hasira na herufi ndogo.

Basi adhuhuri moja nikiwa napalilia mahindi, kivuli kikaniangukia. Ni Mzee Mkwidu, na karatasi mkononi. Katibu wa kijiji alikuwa ametaka dole gumba lake kabla ya Ijumaa, habari ya shamba lake la bondeni kuingizwa kwenye shamba la kijiji.

"Shikamoo, mzee."

"Soma," akasema.

Nikafuta mikono. Nikasoma kuanzia kichwa cha barua, neno kwa neno, kwa Kiswahili, bila kuruka hata nukta. Ilisema akiweka dole, shamba si lake tena, ila atahesabiwa siku za kazi. Nikasoma tarehe. Nikasoma jina la katibu na cheo chake.

"Hapo chini kabisa kuna nini?"

"Ni jina la kiwanda kilichochapa karatasi, mzee."

"Lisome nalo."

Nikalisoma. Akaninyang'anya ile barua, si kwa ukali, akaikunja mara nne. Akasimama kidogo kama mtu anayepima tangi. Kisha akaondoka. Nikamwangalia anavyokwenda, nikidhani anarudi kwake. Akaipita nyumba yake, akapita ghala, akapita kisima, akaenda moja kwa moja mpaka kwa mwalimu wa shule, akabisha hodi, akaikunjua barua ili asomewe tena.